Mwaka Niliohesabu Vizibo

Siku tatu zilizopita, Okumu aliniandikia kwenye simu kwamba Madamu Prossy anastaafu. Okumu ndiye aliyekaa nami meza moja katika chumba cha walimu, mwaka wangu wa kwanza na wa mwisho katika shule ile ya Luzira, na Madamu Prossy alikuwa mwalimu mkuu wetu. Jumamosi ijayo shule inamfanyia sherehe. Kutakuwa na hema, keki na pilau, na mimi nimetengewa dakika tatu nizungumzie “ile njia yako ya vizibo, dada, maana siku hizi wanaitangaza hadi kwenye kalenda ya shule.” Nimeandika majibu tisa na kuyafuta yote tisa. La kwanza lilikuwa na alama ya mshangao iliyonifanya nionekane nimefurahi. La nne lilikuwa na neno “pole”, nikajiuliza ninampa nani pole. La tisa lilikuwa “Sawa” tu. Nikalitazama mpaka chai yangu ikapoa, kisha nikalifuta nalo, kwa sababu si sawa. Haijawahi kuwa sawa, na sasa wameipigia picha na kuitia kwenye kalenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shahada yangu ya ualimu ilikuwa bado ndani ya bahasha ya plastiki niliyoogopa kuifungua, nisije nikaichafua kwa vidole. Nilipewa hesabu za darasa la saba, watoto arobaini na wawili, wote wakiwa na mtihani wa taifa mbele yao mwisho wa mwaka. Chumba cha walimu kilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ofisi ya Madamu, na katikati walipiga ukuta wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya krimu, kiasi kwamba mtu akikohoa kule, sisi huku tulimwambia pole. Dirisha letu lilitazama ukuta mrefu wa gereza, na nyuma yake kipande cha ziwa kisichozidi upana wa kanga. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na mandazi. Saa saba ilikuja posho, yaani ugali, na maharage ndani ya ndoo ya bluu yenye kifuniko, na walimu wa zamani walijua kuchota chini, palipo na maharage, wakati mimi nilichota juu kwa adabu na kunywa mchuzi mwaka mzima.

Kitu cha kwanza kilichoniudhi pale kilikuwa swali. Kila mwalimu alimaliza somo kwa “Mmeelewa?” na darasa likajibu kwa sauti moja ya kuvuta, “Ndiyo, tichaaa!”, huku wengine wakiwa wameshafunga madaftari. Nami niliuliza vivyo hivyo wiki yangu ya kwanza, nikajibiwa vivyo hivyo, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika, kisha nikakosa raha usiku kucha kwa sababu sijawahi kuridhika na kitu kwa muda mrefu namna hiyo. Asubuhi niligawa vipande vya karatasi, nikaandika ubaoni robo tatu jumlisha nusu, nikawapa dakika mbili. Watoto ishirini na saba waliniandikia nne juu ya sita. Walijumlisha vya juu, wakajumlisha vya chini, wakapata jibu dogo kuliko ile robo tatu waliyoanza nayo, na hakuna aliyeshangaa. Watoto hao hao walikuwa wakipata alama za juu kwenye majaribio ya kila Ijumaa, kwa sababu majaribio ya Ijumaa yalikuwa maswali ya miaka iliyopita, na majibu yake waliyajua kama wanavyojua majina ya dada zao. Nilipomwonyesha Okumu zile karatasi, alizipitia huku akitafuna. “Dada Rehema,” akasema, “hawa wanafaulu. Wewe unataka nini tena?”

Nilitaka kujua. Nikawaambia kila mmoja alete kizibo kimoja cha soda, na kantini ilikuwa na ndoo nzima ya vizibo. Katikati ya somo nikisema “Vizibo!”, kila mtu analaza kichwa juu ya mkono wa kushoto, anafumba macho, na kwa mkono wa kulia anaweka kizibo mezani. Umeelewa, kilaze kifudifudi, maandishi juu. Hujaelewa, kiweke chali, meno juu, kama kikombe kinachosubiri kujazwa. Mimi nitapita kati ya madawati kimya kimya, nitaona, tutaendelea. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna kuchekwa. “Hakuna atakayejua isipokuwa mimi,” nikawaambia. Nakumbuka niliyasema maneno hayo mara tatu, kwa kuwa mimi husema kila kitu mara tatu, nikihofia kwamba mara mbili za kwanza hazikusikika.

Siku ya kwanza kulikuwa na kikombe kimoja tu darasani, na kilikuwa cha Akello. Alikuwa binti wa askari magereza, mwenye miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko dawati lake, anakaa karibu na dirisha. Nyumba zao zilikuwa zile za kambi, na kama watoto wengi wa kambi alipenda kunisemesha Kiswahili somo likiisha, kile cha kwao. “Ticha,” akaniambia siku ile, wenzake wakisikia, “mimi sijaelewa ile kitu ya chini. Kwa nini ya juu tunajumlisha na ya chini tunaacha?” Brian, aliyekaa nyuma yake na kusifiwa na kila mwalimu, akapiga kelele: “Kikombe! Akello ni Kikombe!” Darasa likaangua kicheko, na jina likamganda. Nilinunua chapati mbili kantini, nikazikata juu ya dawati lake, moja nusu kwa nusu, nyingine vipande vinne. Akasogeza vipande kwa kidole, akakata ile nusu mwenyewe ikawa robo mbili, akahesabu, kisha akanitazama kama mtu aliyedanganywa miaka mingi. “Kumbe ya chini ni ukubwa ya kipande! Sasa mbona hawakusema?”

Hawakusema, Akello. Hata leo nalifikiria swali lako nikipiga pasi.

Baada ya hapo vikombe viliongezeka. Wiki ya tatu karibu nusu ya darasa waliweka meno juu, na mimi, badala ya kusikitika, nilitembea kati ya madawati yale kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu arobaini na wawili walikuwa wakiniambia ukweli kwa pamoja. Nilirudia somo kwa njia nyingine, nikasema “Vizibo!” tena, vikombe vikapungua. Wale waliobaki nilikaa nao baada ya maharage. Na ili nisisahau nani wa kukaa naye, nilikuwa na daftari la kijani. Kila kikombe nilikiandika kwa nukta mbele ya jina. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kujiuliza, mimi ninayejiuliza hata kama salamu yangu ilitoka vizuri: nimewaahidi kwamba hakuna atakayejua, basi kwa nini ninaandika majina?

Mwisho wa muhula wa kwanza Madamu Prossy aliniita. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na juu ya meza yake kulikuwa daima na bakuli la karanga alilokusogezea kabla hujakaa. “Rehema mwanangu, naona watoto wanabaki nawe mchana wenzao wakicheza. Mnafanya nini?” Nikamweleza vizibo. Nikamweleza na daftari. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. “Hebu niandikie vizuri nimwonyeshe Mkurugenzi.” Hakunilazimisha, hilo lazima niliseme. Nilitumia Jumamosi na Jumapili yangu yote kulinakili. Na kwa kuwa siwezi kuacha orodha bila kuipanga, niliipanga: mwenye nukta nyingi juu kabisa, mwenye nukta chache chini. Kisha nikachora mstari mwekundu chini ya jina la kumi na moja, maana hao ndio niliotaka kuwafundisha zaidi wakati wa likizo. Jina la tatu lilikuwa la Akello. Jina la Brian lilikuwa la mwisho kabisa, bila nukta hata moja. Nilijua fika kwamba Brian ni mmoja wa wale waliojibu nne juu ya sita, na kwamba tangu siku ile hakuwahi kugeuza kizibo chake. Niliandika hivyohivyo, kwa mwandiko wangu bora, na jina langu nikaliweka juu.

Wiki ya pili ya muhula uliofuata nilikuwa na sahani mapajani niliposikia sauti ya Mkurugenzi upande wa pili wa mbao. Yeye ndiye mwenye shule. Hakuwa mtu wa kunong’ona. “Hawa kumi na mmoja tuwaandikishe Ggaba,” alisema. Madamu akauliza, “Na wazazi?” “Waambie kituo kimejaa.” Nikasikia karanga zikitafunwa. Kisha Mkurugenzi akacheka. “Lakini huyu binti ametupunguzia kazi, Madamu! Mwaka jana tulibishana siku mbili nani abaki nani aende. Huyu amechora hadi mstari!”

Nilimtazama Okumu. Okumu alitazama maharage. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo kila mtu katika chumba kile alilijua isipokuwa mimi. Matokeo ya taifa hutangazwa kwa kila kituo cha mtihani. Shule inayotaka gazeti liandike kwamba watoto wake wote wamepata daraja la kwanza haiwezi kubeba watoto wa kubahatisha, kwa hiyo majina yao hupelekwa kwenye shule nyingine. Mkurugenzi alikuwa na shule ndogo karibu na soko la samaki la Ggaba. Watoto wataendelea kusoma kwetu, watavaa sare yetu, watalipa kwetu, ila siku ya mtihani watakuwa wa watu wengine. “Si sisi peke yetu,” Okumu akamaliza. “Kula, dada. Yanapoa.”

Nilikwenda chooni nikafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya kioo kilichopasuka, kisha nikagonga mlango wa Madamu na kusahau yote. Nilichoweza kusema ni kwamba nukta za Akello zilikuwa za wiki za mwanzo. Nikafungua daftari la kijani lenyewe nikamwonyesha: hapa nukta, nukta, nukta, halafu tazama, mwezi mzima hakuna. “Amekuwa miongoni mwa watatu bora, Madamu. Alipata nukta nyingi kwa sababu alisema ukweli mapema. Walio chini ya orodha ndio sijui wanajua nini.” Akanisogezea bakuli. “Mwanangu, nukta ni nukta. Mimi nikibadilisha jina moja, Mkurugenzi ataniuliza nimepokea nini kwa baba yake.” “Basi waache wote kumi na mmoja.” “Kula karanga, Rehema.” Nilikula. Hadi leo nikisikia harufu ya karanga za kukaanga nageuza njia.

Baba yake Akello alikuja siku iliyofuata, na sare yake ya magereza, kofia kwapani. Alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa kaskazini, mpole, na alizungumza nami kama anayeogopa kunipotezea muda. “Ticha, habari ya kazi. Ofisi wanasema kituo imejaa, mtoto itafanya mtihani kule Ggaba. Hii ni kweli? Akello anasema hesabu yake iko sawa sasa. Mimi nauliza wewe kwa sababu yeye nasema wewe tu ndiyo nasema ukweli.” Mlango wa Madamu ulikuwa wazi, hatua sita nyuma yangu. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio hadi Agosti. Nilifikiria kodi, nilifikiria mama, nilifikiria jinsi sentensi ingeanza, na nikiwa bado nachagua neno la kwanza nilisikia mdomo wangu ukisema: “Ndivyo walivyoniambia, afande.” Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akavaa kofia akaenda zake.

Nimewakasirikia watu wengi kwa ajili ya mwaka ule. Nimemkasirikia Mkurugenzi aliyetenda bila haya. Nimemkasirikia Madamu kwa upole wake, maana ukatili unaokuja na karanga ni mgumu kuupigia kelele. Lakini nikihesabu vizuri, na mimi huhesabu, wao walichukua orodha iliyokuwa tayari. Aliyeketi siku mbili akawapanga watoto kwa kiasi cha ukweli waliomwambia, mkweli zaidi juu, na kumkabidhi orodha mwenye shule, ni mimi.

Watoto walijua kabla ya Ijumaa. Sikuwaambia, lakini karatasi iliachwa mezani ofisini, na Brian alitumwa kuchukua chaki. Jumatatu nilifundisha asilimia. Katikati ya somo, kwa makusudi, niliandika ubaoni kwamba nusu ya mia mbili ni sabini, nikalipigia jibu mstari. Nikageuka. “Vizibo!” Vichwa vikalala, macho yakafumbwa, na ukasikika mlio mmoja, tak, wa vizibo vikipigwa mezani kwa pamoja. Nilipita mstari kwa mstari. Maandishi juu, maandishi juu, maandishi juu. Hata wale wa juu ya mstari, waliokwisha kupotezwa, ambao hawakuwa na la kupoteza tena. Nikafika dirishani. Kizibo cha Akello kilikuwa chali. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kope zikimcheza, na mkono wake ulikuwa umekizunguka kama mtu anayezuia upepo. Nikasema, “Haya, inukeni. Mmeelewa?” “Ndiyo, tichaaa!” Sikusema “Vizibo” tena katika shule ile.

Mwezi wa Novemba basi dogo liliwachukua kumi na mmoja kwenda Ggaba alfajiri, wakiwa wamevaa masweta ya shule ambayo hawakuwahi kuiona. Matokeo yalipotoka, watoto thelathini na mmoja walipigwa picha ya gazeti mbele ya lango letu, Brian katikati. Akello alipata alama ya juu katika hesabu, juu kuliko kumi na wawili waliosimama kwenye picha ile. Nilizitafuta alama zao moja moja. Nikaondoka Desemba. Niliwaambia nimepata kazi karibu na nyumbani. Huo nao haukuwa ukweli.

Jana nilikwenda soko la Kikuubo kununua karatasi za manila na kalamu za ubao za darasa langu la sasa. Nilikuwa nimebanwa kati ya mbeba magunia na ukuta wa ndoo za plastiki niliposikia, “Ticha! Ticha Rehema!” Alikuwa Akello, nyuma ya meza ya madaftari katika duka la shangazi yake, anamsaidia wakati wa likizo. Yupo kidato cha nne. Bado mrefu kuliko meza. Aliniuzia manila bila kuniruhusu nichague, akisema zile za mbele zimepigwa jua, kisha akauliza akicheka: “Bado unafanya ile ya vizibo?”

“Hapana. Siku hizi nagawa karatasi ndogo, hawaandiki majina.”

“Sasa utajuaje utakaa na nani?”

“Sijui. Narudia kwa wote.”

Akafikiri. “Hiyo ni kazi mingi, Ticha.” Kisha akaendelea kukunja manila, na nikaona kwamba nisiposema sasa, nitakuwa nimesimama kwenye ngazi ile maisha yangu yote. Nikamwambia. Nikamwambia ile orodha ilikuwa yangu, niliipanga mimi, mstari nilichora mimi, na kwamba siku baba yake aliponiuliza nilijua ukweli nikaumeza. Nilisema vibaya, nikianza upya kila mara. Mbeba magunia mwingine alipita akitusukuma wote wawili, “Pita, nnyabo, pita!”, nikaendelea kusema.

“Najua,” Akello akasema. “Sote tulijua. Jina yako ilikuwa juu. Baba alikasirika sana, hata sasa nikitaja wewe ananyamaza.” Hakusema ili kuniumiza. Alisema kama mtu anayetoa hesabu.

“Basi siku ile ya mwisho,” nikamwuliza, “ulijua kila kitu. Wenzako wote waligeuza. Kwa nini wewe uliacha kikombe?”

Alinitazama kwa jicho lilelile la siku ya chapati.

“Si nilikuwa sijaelewa? Nusu ya mia mbili itakuwaje sabini?”

Nilitoka Kikuubo na manila yangu chini ya kwapa nikasimama kwenye kivuli cha duka la mafuta ya kupikia, watu wakinipita huku na huku, nikamwandikia Okumu jibu la kumi. Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Nilimwambia dakika tatu hazitoshi, nataka kumi na moja, moja kwa kila jina lililokuwa juu ya mstari, na kwamba nitayasoma majina hayo mbele ya Madamu, Mkurugenzi na wazazi, na kueleza walikofanyia mtihani na kwa nini, na nani alichora mstari. Niliisoma mara tatu. Nikaituma.

Okumu akajibu palepale kwa kidole gumba kilichoinuliwa, ile alama ya mtu aliyeelewa. Sikumwamini. Nikampigia simu, nikamwambia anieleze, kwa maneno yake mwenyewe, nilichosema.